Divai Nyekundu ya Bonde la Ahr na Watu Wanaoitolea Jasho



Katika ukurasa huu tumezoea kueleza habari za chai, kahawa, miwa na tumbaku, kwa sababu hayo ndiyo mazao tunayoyapalilia na kuyachuma sisi wenyewe. Safari hii tunaeleza zao la wenzetu wa mbali, nalo ni divai nyekundu ya Ujerumani. Wanachama wetu wanaofanya kazi mahotelini ndio waliotuomba. Wao huzibeba chupa hizo kila siku, wageni huwauliza zinatoka wapi na zinafaa kwa chakula gani, na hakuna mkubwa wa kazi aliyejisumbua kuwaeleza. Tulikubali upesi, kwa kuwa tulipoichunguza habari hii tuliona mna mambo yanayotuhusu: kazi ya mikono mlimani, ushirika wa wakulima wadogo wenye umri wa zaidi ya miaka 150, na vibarua wa msimu ambao hali yao tunaielewa hata kabla ya kusimuliwa.

Wenzetu Waislamu, walokole na wote wasiokunywa wasidhani kwamba chama kinawashawishi. Anayelima tumbaku si lazima avute. Tena tuseme mapema kwamba divai ina nguvu ya kulewesha ya kama asilimia 13, wakati bia ni kama asilimia 5, na mtu aliyelewa kwenye mashine ni hatari kwake na kwa wenzake. Hilo tumelisema mara nyingi na tutaendelea kulisema.

MTO MDOGO, MILIMA MIKALI

Ahr ni mto mdogo magharibi mwa Ujerumani. Unatoka katika milima ya Eifel, unatembea kama kilomita 85, kisha unaingia katika mto mkubwa wa Rhine, kusini ya mji wa Bonn. Ujerumani ina kanda 13 za divai zinazotambuliwa na sheria, na hii ya Ahr ni mojawapo ya zile ndogo kabisa. Mizabibu yake yote pamoja ni hekta 500 na ushei tu, zilizotandazwa kando ya mto kwa kilomita 25 hivi, kutoka Altenahr hadi Heimersheim. Kwetu kuna mashamba ya chai ya mwenye mali mmoja yanayozidi ukubwa huo. Kule zinagawanywa na mamia ya familia.

Ujerumani inajulikana zaidi kwa divai nyeupe, maana ni nchi ya baridi, na zabibu za kutoa divai nyekundu zinataka joto. Ahr iko kaskazini sana, lakini kama asilimia 80 ya mizabibu yake ni ya zabibu nyeusi zinazotoa divai nyekundu. Imewezekanaje?

Jibu ni mawe na jua. Kutoka Altenahr hadi Walporzheim bonde ni jembamba, na milima imesimama kama ukuta. Udongo ni haba. Kilicho tele ni mawe meusi bapa, ya jamaa moja na yale waliyochongea vibao vya kuandikia ambavyo wazee wetu walivitumia shuleni. Mawe hayo hushika joto la jua mchana kutwa, na usiku huliachia polepole, kama jiko la mkaa lililofunikwa majivu. Tena huko jua halipiti utosini kama kwetu tulio karibu na ikweta. Hupita upande wa kusini, chini chini. Kwa hiyo mizabibu imepandwa kwenye miteremko inayotazama kusini, na kadiri mteremko ulivyo mkali ndivyo jua linavyoupiga sawasawa. Ukishapita Walporzheim na kushuka kuelekea Ahrweiler na Bad Neuenahr, bonde linapanuka, udongo unakuwa mwingi na laini, na divai yake nayo ni laini zaidi. Ile ya juu, ya kwenye mawe, huwa nyembamba na yenye ukali kidogo mdomoni, na wajuzi wengi huipenda hiyo zaidi.

Zabibu kubwa ya hapo inaitwa Spätburgunder. Ni maneno mawili yaliyoungwa: moja maana yake ni kuchelewa, la pili maana yake ni ya Burgundy, jimbo la Ufaransa ambako zabibu hiyo ilitoka. Wafaransa wenyewe huiita Pinot Noir. Mhudumu akiyaona majina hayo mawili kwenye chupa mbili, ajue ni zabibu ile ile. Baada ya Ufaransa na Marekani, Ujerumani ndiyo nchi ya tatu duniani kwa kuilima. Ipo ndugu yake inayoitwa Frühburgunder, yaani ile inayowahi. Huiva kama wiki mbili mapema, punje zake ni ndogo na mavuno yake ni haba, hata wakulima wengi waliiacha ikakaribia kupotea. Ahr ni mahali pamoja ilipotunzwa.

Spätburgunder ni zao lenye maringo. Ganda lake ni jembamba. Mvua ikizidi huoza, jua likizidi huungua, na baridi kali ikirudi ghafla Aprili au Mei machipukizi yote hufa kwa usiku mmoja.

KAZI YENYEWE

Mwaka wa kazi huanza wakati wa baridi, Januari mpaka Machi, ambapo mizabibu haina jani hata moja. Wafanyakazi hupanda mlimani na mikasi kupogoa kila mti, mmoja mmoja, wakiacha tawi moja au mawili ya kuzaa mwaka huo. Vidole hufa ganzi. Kisha matawi yaliyoachwa hukunjwa na kufungwa kwenye nguzo au waya. Majani yakitoka, machipukizi ya ziada hung'olewa kwa mkono. Kiangazi chao kikifika, majani yanayofunika vishada huondolewa ili upepo upite na ukungu usiingie, na mara nyingi baadhi ya vishada hukatwa na kutupwa chini ili vinavyobaki viive vizuri. Mtu aliyezoea kulipwa kwa kilo hushtuka akiona zao zima linatupwa, lakini kule ndivyo ubora unavyotafutwa. Mavuno huwa Septemba na Oktoba.

Yote hayo hufanyika kwenye mteremko. Wajerumani huliita shamba la mteremko mkali pale unapozidi asilimia 30, yaani kila mita 10 za kwenda mbele unapanda mita 3. Mashamba mengi ya Ahr yanapita hapo. Trekta haliwezi kwenda. Mlima umekatwa ngazi ngazi, na kila ngazi imezuiwa kwa ukuta wa mawe yaliyopangwa, ambao mvua ikiubomoa lazima upangwe upya kwa mikono. Zamani zabibu zilishushwa kwa vikapu vya mgongoni. Siku hizi mahali pengi wameweka kireli kimoja cha chuma chenye meno, na kigari kidogo cha injini hupanda na kushuka nacho kikibeba makreti na watu. Hata hivyo, anayekata kishada husimama kwa miguu yake mwenyewe, mguu mmoja juu na mmoja chini, kutwa nzima. Wachuma chai wa miinukoni hawahitaji kuelezwa magoti yanasemaje jioni.

Shamba la tambarare linalolimwa kwa mashine linaweza kumalizwa kwa saa 200 au 300 za kazi kwa hekta moja kwa mwaka. Kwenye ngazi za mawe hesabu hiyo hupita saa 1,000. Mgeni akilalamika kwamba chupa ya Ahr ni ghali, sababu ya kwanza ndiyo hiyo.

NDANI YA GHALA LA DIVAI

Ukikamua zabibu nyeusi kiganjani utaona maji yake hayana wekundu. Rangi imo kwenye maganda. Kwa hiyo zabibu za divai nyekundu hupondwa na kuachwa zichache pamoja na maganda yake, kwa siku kadhaa au wiki mbili na zaidi, na maganda yanayoelea juu husukumwa chini mara kwa mara ili yatoe rangi na ule ukakasi unaokausha ulimi kama ndizi mbichi. Baadaye hukamuliwa, na divai hutiwa kwenye mapipa ya mti wa mwaloni au matangi ya chuma ipumzike. Zamani watu wa Ahr walikuwa wakikamua mapema, na divai yao ilikuwa imepauka, nayo ilikuwa na jina lake, Ahrbleichert. Hata leo Spätburgunder haiwi nyeusi kama divai za nchi za joto. Ukiiona nyepesi kwenye glasi usidhani imetiwa maji.

Hapa tunasimama kidogo, maana jambo linalofuata linawahusu wote wanaofanya kazi karibu na matangi, iwe ni ya divai, ya bia au ya molasi katika viwanda vya sukari. Kitu chochote chenye sukari kinapochacha hutoa gesi ya kabonidayoksaidi. Lita moja ya maji ya zabibu hutoa lita 40 hivi za gesi hiyo au zaidi. Haina rangi wala harufu ya kukuonya, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hulala chini: sakafuni, shimoni, ndani ya tangi. Mtu akiinama humo hulegea, huanguka, na kwa dakika chache hufa. Mwenzake akimwona ameanguka huruka kumwokoa, naye huanguka juu yake. Katika nchi za divai vifo vya namna hii vimetokea vizazi na vizazi wakati wa mavuno. Zamani walishuka na mshumaa, ukizimika wanakimbia. Siku hizi tunajua mshumaa hautoshi, kwa kuwa mtu huweza kudhurika kabla haujazimika. Kinachotakiwa ni feni ya kutoa hewa chini kabisa, kipimo cha gesi, mtu wa pili anayebaki nje, na kamba. Kiwandani kwenu vikikosekana, hilo ni dai la kupeleka kwa mwajiri wiki hii, msingoje maziko.

Habari nyingine ni ya sumu. Katika miaka ya 1920 na 1930 mashamba ya mizabibu ya Ujerumani yalipigwa dawa yenye aseniki ili kuua wadudu. Wakulima na vibarua waliivuta puani na kuishika mikononi. Tena waliinywa. Kulikuwa na desturi ya kutia maji kwenye maganda yaliyokwisha kukamuliwa, yakachacha tena, ikapatikana divai hafifu ya kunywa nyumbani na ya kuwapa watu wa kazi. Divai nzuri iliuzwa, na mabaki ya sumu yalibaki katika ile ya mfanyakazi. Dawa hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1942. Lakini miaka mingi baadaye madaktari, hasa katika bonde la Mosel lililo kusini ya Ahr, walikuwa bado wanawakuta watu wale na saratani ya ngozi, ya mapafu na ya ini, na ugonjwa huo ulitambuliwa kuwa ni wa kazini. Tunaisimulia kwa ajili ya wale wanaopulizia dawa mashambani wakiwa na fulana tu, wakaambiwa kwamba dawa haina neno kwa sababu hakuna aliyeanguka leo.

WAKULIMA 18 WA MAYSCHOSS

Katikati ya karne ya 19 wakulima wa Ahr walikuwa na hali mbaya. Ardhi ilikuwa vipande vipande, kwa kuwa baba akifa iligawanywa kwa watoto wote. Mwaka 1834 nchi nyingi za Kijerumani zilifuta ushuru wa forodha kati yao, na divai ya mikoa ya kusini, yenye jua na tambarare, ikaja kushindana na yao. Mkulima mwenye pipa mbili hana nguvu. Hana mahali pa kuhifadhi, ana deni, na mfanyabiashara anajua kwamba mavuno mengine yanakuja na lazima pipa liwe tupu. Basi bei ilitajwa na mnunuzi. Wengi waliuza walichokuwa nacho wakahamia Amerika.

Mwezi Desemba 1868, katika kijiji cha Mayschoss, wakulima 18 waliunda ushirika. Zabibu zikamuliwe pamoja, zihifadhiwe katika ghala moja, ziuzwe kwa jina moja. Ushirika huo upo mpaka leo na wanachama wake ni mamia. Wenyewe hujiita ushirika wa divai wa kale kuliko wote duniani. Hawakuwa na elimu kubwa, lakini wazo lilikuwa limeenea katika mkoa ule. Ng'ambo ya Rhine, mwaka 1864, meya mmoja aliyeitwa Friedrich Wilhelm Raiffeisen alikuwa ameanzisha chama cha kukopeshana huko Heddesdorf. Vyama vyetu vya akiba na mikopo ni wajukuu wa fikra za watu kama yeye.

Mambo ya ndani ya ushirika kama ule, mwanachama wa ushirika wa kahawa atayatambua. Mwanachama wa kawaida hana ghala wala chupa zake. Anafungwa na kanuni kuleta zabibu zake zote, si kuuza nzuri pembeni na kuletea ushirika zilizooza. Kwenye mapokezi zabibu hupimwa uzito, na tone la maji yake hupimwa utamu kwa kipimo kiitwacho Oechsle, jina la fundi wa karne ya 19 aliyekitengeneza. Malipo hufuata uzito na utamu, na kwa kawaida hayaji yote mara moja. Hulipwa kwa awamu, kadiri divai inavyouzwa. Ugomvi wa mizani na wa malipo ya pili yanayochelewa upo popote penye ushirika. Tofauti ni kwamba mwanachama anaweza kusimama katika mkutano mkuu akadai hesabu, wakati kwa mfanyabiashara binafsi alikuwa hana mlango wa kuingilia.

Ila tusichanganye mambo. Ushirika wa wakulima si chama cha wafanyakazi. Wale 18 walikuwa na mashamba, hata kama ni madogo. Asiye na shamba hakuwemo, na hayumo.

Historia ya bonde hilo ina ukurasa mwingine ambao matangazo ya watalii huupita haraka. Kati ya Dernau na Marienthal kulikuwa na mahandaki ya reli ambayo haikumalizika. Mwaka 1944 Manazi waliyageuza karakana za silaha, wakaweka humo kambi iliyokuwa tawi la kambi ya mateso ya Buchenwald. Wafungwa na watu waliolazimishwa kufanya kazi, kutoka nchi mbalimbali, walitengeneza humo vyombo vya kurushia roketi za V2. Kambi hiyo waliipa jina la siri: Rebstock. Maana yake ni mzabibu.

USIKU WA JULAI 2021

Mto huo mdogo umewahi kuua mara nyingi. Mwaka 1804 watu 63 walikufa. Mwezi Juni 1910 walikufa zaidi ya 50, na wengi wao walikuwa vibarua wa kujenga reli waliolala katika vibanda karibu na maji. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Julai 2021 ikaja gharika iliyopita zote. Mvua ilinyesha mchana na usiku juu ya ardhi iliyokwisha kulowa, na bonde jembamba likaikusanya yote. Katika Altenahr, ambapo mto kwa kawaida hauna hata mita moja ya kina, kipimo cha maji kilisombwa, na wataalamu wamekadiria kwamba maji yalifika karibu mita 10. Watu zaidi ya 130 walikufa katika bonde hilo peke yake. Katika mji wa Sinzig, 12 kati yao walikuwa watu wenye ulemavu waliolala katika nyumba ya chini. Onyo liliwafikia wengi limechelewa, na wengine halikuwafikia kabisa.

Maghala ya divai yako chini, karibu na mto, kwa hiyo karibu yote yaliingiwa na maji. Mapipa yalielea barabarani. Mashine za kukamua, pampu, chupa zilizojazwa, vyote vilifunikwa na tope lililochanganyika na mafuta ya kupashia nyumba joto. Mizabibu ya bondeni ilikwenda na maji. Ile ya mlimani ilibaki, na mwezi wa tisa ulikuwa unakaribia. Zabibu hazingoji mtu amalize kuzika.

Hapo wakulima na wafanyakazi wa kanda nyingine za divai walikuja. Walileta matrekta, pampu, mashine za kukamua na mikono yao, wakapulizia na kukata majani mashamba ya watu waliokuwa bado wanatoa tope nyumbani. Wengine walizipokea zabibu za Ahr katika maghala yao. Mavuno ya 2021 yakaingia. Chupa zilizokutwa kwenye tope hazikusafishwa. Ziliuzwa vile vile na tope lake kwa jina la divai ya gharika, na zaidi ya euro milioni 4 zilipatikana za kusaidia. Tunaona fahari kusimulia hivyo, maana wale waliokuja ni washindani wao sokoni.

NANI ANAVUNA

Kwa wakulima wengi kazi ya mwaka mzima ni ya familia na wafanyakazi wachache. Mavuno ni jambo jingine. Katika mashamba ya divai ya Ujerumani wavunaji wengi wa msimu hutoka Poland na Romania. Huja kwa wiki chache, hulala pamoja katika vyumba vinavyotolewa na mwajiri, na kisha hurudi kwao.

Sheria ya kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima ilianza Ujerumani tarehe 1 Januari 2015, euro 8.50 kwa saa. Mwaka 2024 kilikuwa euro 12.41, na mwaka 2025 euro 12.82. Mwajiri anaruhusiwa kulipa kwa kilo, lakini hesabu ya mwisho haitakiwi kushuka chini ya kima hicho kwa kila saa. Kwenye karatasi ni sheria nzuri. Taabu iko kwenye daftari la saa. Nani analiandika? Muda wa kupanda mlima asubuhi umo? Mvua ikinyesha mkakaa kwenye gari mnangoja, umo? Na chumba na chakula vimekatwa kiasi gani kwenye mshahara? Wenzetu wanaoishi kwenye laini za kambi wanayajua makato hayo. Tena kwa miaka mingi sheria ya kule imeruhusu kibarua wa muda mfupi aajiriwe bila kuingizwa katika michango ya kawaida ya pensheni na bima ya afya. Mtu anaweza kuvuna misimu 15, mgongo ukaisha, na katika vitabu vya pensheni vya nchi ile hayumo.

Chama cha wafanyakazi kinachoshughulikia kilimo huko kinaitwa IG BAU. Pamoja na mashirika mengine, watu wake huenda mashambani wakati wa msimu wakiwa na karatasi zilizoandikwa kwa lugha za vibarua wenyewe, wakawaeleza wajiandikie saa zao kila siku katika daftari lao, wasitegemee la mwajiri peke yake. Tumeupenda mtindo huo. Katika mashamba yetu wako vibarua wanaovuka mpaka kuja kuchuma, na matangazo yetu mengi tunayaandika kwa lugha wasiyoisoma.

MEZANI

Sasa kwa ndugu zetu wa mahotelini. Kwanza karatasi ya chupa. Tafuta neno Ahr, ndipo ilipotoka, na Spätburgunder au Frühburgunder, ndiyo zabibu. Trocken maana yake haina utamu wa sukari. Halbtrocken ina utamu kidogo. Erzeugerabfüllung maana yake imetiwa chupani na mzalishaji mwenyewe, na ushirika huhesabiwa hivyo pia.

Pili, joto lake. Watu husema divai nyekundu inywewe kwa joto la chumba. Msemo huo ulitoka katika nyumba za Ulaya za zamani zilizokuwa na ubaridi. Chumba chetu cha digrii 28 huifanya Spätburgunder inuke pombe tupu. Inataka digrii 14 hadi 16 hivi. Iweke kwenye friji kama nusu saa kabla ya kuipeleka mezani, na mgeni akishangaa mwambie ndivyo inavyotakiwa.

Tatu, chakula. Divai hii haina ukakasi mwingi, na ina uchachu wa kupendeza. Uchachu huo hukata mafuta mdomoni, kama tunavyokamua ndimu juu ya nyama ya mbuzi ya kuchoma. Kwao huinywa na nyama ya porini kutoka misitu ya Eifel, paa na nguruwe mwitu, na bata bukini anayeokwa wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba. Chakula cha mkoa wa Rhine chenye sifa ni Sauerbraten: nyama ya ng'ombe inayolowekwa siku kadhaa katika siki na viungo, ikapikwa polepole, na mchuzi wake hutiwa zabibu kavu ukawa na uchachu na utamu pamoja. Huliwa na madonge ya viazi na kabichi nyekundu. Uyoga nao hupatana nayo sana, pia jibini isiyo kali.

Kwa vyakula vya jikoni kwetu tungesema hivi. Bata wa kuokwa, kuku wa kienyeji, mbuzi wa kuchoma asiyetiwa pilipili nyingi, maharage yaliyopikwa na kitunguu, uyoga wa msimu wa mvua: yote yanafaa. Pilipili kali inaiua, kwa kuwa pombe huongeza moto mdomoni na ladha yote ya divai hupotea. Samaki wenye mafuta mengi na dagaa huifanya iwe na ladha ya chuma, kama umelamba msumari. Mgeni akitaka samaki, mshauri nyeupe. Nyama nzito ya kukaangwa yenye mchuzi mkali inataka divai nyeusi zaidi kuliko hii.

Chupa ikifunguliwa na kubaki, izibwe na kuwekwa kwenye friji, itadumu siku mbili au tatu. Baada ya hapo mpe mpishi ailowekee nyama.